Mzee Anapofia Nyumbani

(Mazungumzo na wanakisomo wa Mbulu na Hanang)



Leo hatuzungumzi juu ya mbolea wala juu ya kuogesha ng'ombe. Tunazungumza juu ya kufa. Tunajua wengine mtanong'ona, "Huyu Bwana Elimu kakosa maneno, sasa anatutabiria mikosi." Hapana, ndugu zetu. Hatumtabirii mtu. Lakini kila nyumba hapa ina mzee, na siku moja mzee huyo atalala asiinuke. Siku hiyo nyumba itajaa watu, na kila mmoja atatoa amri yake.

Mwaka 1973 ilikuwako kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakachimba vyoo na kufyeka majani yanayoficha mbu. Wazee wengine mliopo hapa mlikuwa vijana wakati huo, mnaikumbuka. Kampeni ile ilifundisha kuzuia kifo kisije kabla ya wakati wake. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini kipo kifo kinachokuja kwa wakati wake, na hicho hakuna aliyetufundisha. Hata sisi chuo cha ualimu tulifundishwa namna ya kushika chaki na namna ya kupanga somo. Namna ya kushika mkono wa mtu anayekata roho, hiyo tuliikuta nyumbani.

Wazee wengi wa huku hufia nyumbani. Hospitali zipo. Ile ya Haydom ya Walutheri ilianza mwaka 1955, na mpaka leo watu wanaiendea kutoka mbali. Lakini njia ni ndefu, na mvua ikinyesha udongo wetu mnaujua. Tena wazee wenyewe hukataa. Mzee anasema, "Nimechoka kubebwa." Basi, akishasema hivyo, watoto wanafanyaje?

Tuwape mfano wa nyumba yetu. Bibi yetu mzaa baba alipata uvimbe tumboni. Alipelekwa hospitali, akapimwa, akalazwa wiki mbili. Daktari akawaita baba zetu kando, akawaambia kwamba kwa umri wake na kwa mahali uvimbe ulipo, kisu hakitamsaidia. Wakamrudisha. Jioni ile ukakaa mkutano sebuleni. Baba mdogo alitaka tuuze maksai wawili, bibi apelekwe Moshi, KCMC. Shangazi alisema tumwache apumzike. Baba mdogo akakasirika. Akasema, "Mnataka watu waseme tulimwacha mama afe kwa ajili ya ng'ombe?"

Hapo ndipo penye jambo, ndugu zetu. Mara nyingi hatumbebi mgonjwa huku na huku kwa sababu tunaamini atapona. Tunambeba kwa kuogopa maneno ya watu.

Bibi alikuwa nyuma ya ukuta wa fito, anasikia yote. Akaita. Akasema, "Msiuze maksai. Msimu unakuja, mtalima na nini? Mimi nataka kulala karibu na moto wangu." Baba mdogo alilia usiku ule. Asubuhi akaenda kuchanja kuni, akazipanga nyingi mno, kama za arusi. Ile ilikuwa namna yake ya kukubali.

Sasa sikilizeni vizuri. Kumrudisha mzee nyumbani si kuacha kumwuguza. Ni kumwuguza kwa namna nyingine. Wataalamu wa afya wana jina lake, wanaiita tiba shufaa. Maana yake ni huduma ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi. Haimfukuzi mgonjwa wala haimharakishi kufa. Inamwondolea maumivu, na inawasaidia wale wanaokaa naye. Nchini Uganda daktari mmoja aitwaye Anne Merriman alianzisha huduma hii mwaka 1993, chini ya jina la Hospice Africa Uganda. Hapa kwetu, hospitali ya Selian ya Arusha ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kuwafuata wagonjwa wa namna hii majumbani mwao.

Neno kubwa katika huduma hii ni maumivu. Kuna watu wanadhani mzee akilia usiku ni kawaida, ndiyo kufa kwenyewe. Si lazima iwe hivyo. Ipo dawa iitwayo mofini. Ile ya kunywa huwa ya maji, hupimwa kwa kipimo, na hutolewa kila baada ya saa nne, usiku na mchana, bila kungoja maumivu yarudi. Huandikwa na daktari. Kule Uganda, tangu mwaka 2004, hata wauguzi waliofunzwa kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika, kwa sababu madaktari ni wachache na vijiji ni vingi. Watu wanaiogopa dawa hii, wanasema ni ya kulevya, itammaliza. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari kwa mtu mwenye maumivu makali, haimmalizi. Kinachomsumbua zaidi ni choo kuwa kigumu, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha choo. Mkimpeleka mzee hospitali na mkaambiwa mrudini nyumbani, msiondoke mlangoni kabla ya kuuliza maneno haya: "Je, akiumwa sana usiku, tumpe nini?" Ulizeni. Hakuna atakayewapiga.

Halafu chakula. Mama mkubwa wetu alikuwa anamlazimisha bibi uji wa ulezi. Anamshika kidevu, anamimina. Bibi anakohoa, uji unatokea puani. Nesi wa zahanati alipofika akamwambia, "Mama, hafi kwa sababu hali. Hali kwa sababu anakufa." Ni maneno mazito, lakini yalitusaidia sana. Mwili unaofunga kazi zake hautaki chakula, na ukiulazimisha, uji unaingia katika njia ya pumzi. Kilichobaki ni kulowesha kitambaa safi kwa maji, kumpangusa midomo na ulimi, tena na tena. Akiomba maziwa kijiko kimoja, mpeni kijiko kimoja, akiwa ameinuliwa kichwa. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili hivi, ubavu huu na ubavu huu, asipate vidonda vya kulalia. Shuka ikilowa ibadilisheni upesi. Baridi ya Mbulu mwezi wa saba mnaijua wenyewe, inaingia hata katika nyumba ya tofali.

Jambo moja hatukulitazamia. Bibi alikuwa akisema Kiswahili vizuri, alikipata sokoni na kanisani. Siku zake za mwisho Kiswahili kilimtoka chote. Akabaki na Kiiraqw chake tu, tena Kiiraqw cha utotoni. Wajukuu waliokuja kutoka Arusha walikaa karibu na kitanda hawaelewi neno. Msichana mmoja akawa anauliza, "Anasemaje? Anasemaje?" Bibi alikuwa anauliza kama ndama wamefungiwa. Msichana yule alitamani liwe neno kubwa la kuagana, akaambiwa ni ndama. Akacheka, akalia. Wenye watoto walioko mijini, wafundisheni lugha ya nyumbani mapema. Wadatoga pia, na Wahadzabe wa Yaeda, hili linawahusu.

Na mzee akinyamaza kabisa, msiseme hovyo juu yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha mwaka 2020 uchunguzi wao juu ya watu waliokaribia kufa na wasioweza tena kujibu. Waliwapima ubongo kwa mashine. Waliona kwamba baadhi yao ubongo bado uliitika sauti. Kama anaelewa maana au haelewi, mashine haiwezi kusema. Lakini hiyo inatosha kutufanya tuache kugombania shamba juu ya kichwa chake.

Sasa tuje kwenye daftari. Sisi watu wa kisomo lazima tufike hapo tu. Wengi wenu mna daftari na kalamu ya wino nyumbani. Wekeni daftari moja karibu na mgonjwa. Andikeni saa aliyopewa dawa, nani alimpa, choo, mkojo, na alivyolala. Anayempokea mwenzake usiku asome. Dawa haitarudiwa wala kusahauliwa. Ukurasa mwingine andikeni mambo yake mwenyewe. Hapa kwetu ng'ombe wa mtu hawalali zizini kwake wote. Mmoja yuko kwa rafiki Dongobesh, mwingine kwa shemeji Katesh, mtamba umezaa na ndama ni wa nani? Mambo hayo yamo kichwani mwa mzee. Akienda nayo, watoto watakwenda kuulizana mahakamani. Bibi yetu alitaja ng'ombe wanne walioko kwa watu, kwa rangi zao na kwa majina ya wenye maboma. Tuliandika. Alitaja pia deni lake la debe moja la mahindi kwa jirani, ambalo jirani mwenyewe alikuwa ameshalisahau.

Lakini orodha ya ng'ombe si wosia. Wosia una sheria yake. Kwa wale wanaofuata sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi uandikwe kwa wino, si kwa penseli. Mwenye wosia akijua kusoma na kuandika, mashahidi wawili wanatosha. Asiyejua, wanatakiwa wanne. Mnaona? Kule kujifunza kuandika jina lako kunapunguza mashahidi wawili. Sheria hizo za mwaka 1963 zina mengi yanayolalamikiwa, hasa kwa namna zinavyowaweka mabinti na wajane, na sisi tunaona malalamiko hayo ni ya haki. Ndiyo sababu nyingine ya mzee kusema mapema anachotaka binti yake apate. Asingoje mpaka akili imetawanyika kwa ugonjwa, maana wosia wa mtu asiye na akili timamu hausimami.

Saa za mwisho zinajulikana kidogo. Mgonjwa hulala muda mrefu. Miguu na mikono inapoa, kucha zinabadilika rangi. Pumzi inakwenda, inasimama, inarudi. Mtu aliye mgeni wa jambo hili hupiga kelele ile pumzi inaposimama, kumbe itarudi mara nyingi. Pengine koo linakoroma kama maji yanayochemka. Mgeuzeni ubavu, inueni kichwa kidogo. Sauti hiyo inatutisha sisi kuliko inavyomsumbua yeye. Msimpandishe pikipiki saa hiyo, akibanwa katikati ya watu wawili, kukimbilia hospitali. Tumewahi kusikia wengi waliofia njiani hivyo, na waliobaki hawasahau.

Kama mzee ni wa kanisa, mwiteni padre, mchungaji au katekista kabla, wakati bado anaweza kujibu. Wa msikitini, waiteni wenzake. Wa mila, wazee wa ukoo wanajua la kufanya.

Bibi alikata roho saa tisa usiku. Alivuta pumzi, tukangoja nyingine, haikuja. Tulikaa. Moto ulikuwa unawaka kwa zile kuni za baba mdogo. Hakuna aliyepiga yowe kwa muda, labda nusu saa. Shangazi alikuwa anamsugua mkono kama bado una baridi.

Tunapenda mjue kwamba nusu saa hiyo mnaruhusiwa kuichukua. Hakuna kitu kinachoharibika. Tazameni saa, mwandike katika daftari lile lile, kwa sababu mtaulizwa. Mfumbeni macho kwa kuyashika taratibu. Mfungeni taya kwa kitambaa kupitia chini ya kidevu mpaka utosini. Nyosheni mikono na miguu. Hayo yafanyike kabla ya saa mbili au tatu kupita, maana baada ya hapo mwili huanza kukakamaa, kuanzia taya na shingo. Wanaomwosha wawe wale ambao desturi yenu inawaruhusu. Kwetu waliingia akina mama watatu, wakafunga mlango. Tulisikia maji tu, na mara moja tukasikia wanacheka kwa sauti ndogo. Baadaye tuliuliza. Walimkuta na ufunguo wa kasha ameufunga katika upindo wa nguo, na kasha lenyewe lilikuwa limepotea zamani.

Lakini kuna kifo cha kutokugusa. Kama mtu amekufa kwa kuhara na kutapika sana, au kwa homa kali na damu inamtoka, msimwoshe wala msimkumbatie. Mwiteni kwanza mtu wa afya. Mkoani Kagera ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mwezi Machi 2023, na tena mwezi Januari 2025, na ugonjwa huo huambukiza hata kutoka kwa maiti. Na kama kifo ni cha ghafla au kina mashaka, polisi waje kabla hamjamsogeza.

Asubuhi simu zinaanza. Afadhali achaguliwe mtu mmoja wa kupiga. Kwetu mtoto wa Dar es Salaam alisikia habari kwa jirani kabla ya kusikia kwa ndugu yake, na jambo hilo limebaki na uchungu. Mwenyekiti wa kitongoji aambiwe, na Mtendaji wa Kijiji. Mtendaji ataandika taarifa ya kifo. Msimwone anasumbua. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, na cheti hutolewa na RITA kupitia kwa msajili wa wilaya. Mkichelewa bado mtasajili, ila kwa usumbufu na gharama zaidi. Bila cheti, Mahakama ya Mwanzo haitafungua mirathi, na fedha kama zipo benki zitakaa huko huko.

Zamani kwa Wairaqw nyumba iliyofiwa ilikaa kando na watu. Hali hiyo inaitwa metimani. Watu wa nyumba hiyo hawakuchangamana na majirani kwa muda, wala kunywa pombe pamoja nao. Walioogopa waliogopa uchafu wa kifo. Siku hizi desturi hiyo imepungua sana. Majirani wanaingia siku hiyo hiyo, wanakaa, wanakula. Ni vizuri kutoachwa peke yako. Lakini tuseme kweli, sasa mfiwa anapika. Anachinja. Anatafuta turubai na viti, analala na deni. Baba mdogo aliyeambiwa asiuze maksai wa kumtibu bibi, karibu auze mmoja kulisha waliokuja kumlilia. Ndugu walimzuia, majirani wakaleta mahindi na maharage debe kwa debe. Wazee wetu wa metimani walikuwa wakali, lakini mfiwa hakupikia umati.

Na mahali pa kuzika ni jambo kubwa huku kwetu. Wadatoga wa Hanang, hasa Wabarabaig, mzee aliyeheshimika humjengea bung'eda, kilima cha udongo juu ya kaburi, na sherehe zake huweza kuendelea kwa miezi kama tisa. Kizazi chake chote hujua, pale ndipo alipo. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua uwanda wa Bassotu, na trekta zikalima juu ya makaburi hayo. Wanakijiji wa Mulbadaw walifungua kesi mwaka 1981, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikawashinda. Wakati wa vijiji pia, miaka ya katikati ya 1970, watu wengi walihama wakaacha makaburi kwenye mahame. Kwa hiyo mzee wa Hanang akisema nizikeni mahali fulani, hasemi tu kwa kupenda kivuli cha mti.

Kijana mmoja wa upande wa Bassotu alituuliza swali hilo. Babu yake anaumwa, hatapona, naye anataka azikwe mahame alipozaliwa. Lakini pale sasa ni shamba la mtu mwingine, mgeni, analima mahindi. Wafanyeje? Tulimwambia wasingoje kifo, maana mwenye shamba akijiwa na jeneza mlangoni ataona amevamiwa. Waende sasa, babu akiwa hai, pamoja na mwenyekiti wa kijiji, waombe. Wakikubaliana waandike: ukubwa wa mahali, njia ya kupita, nani ataruhusiwa kuja kusafisha kaburi, na wote waweke sahihi mbele ya mashahidi. Walikwenda. Mwenye shamba hakukataa. Alisema tu njia ipite pembeni, isikate mahindi katikati, na akauliza huyo mzee anaitwa nani, maana alikuwa akilima pale miaka yote bila kujua ni boma la nani.

Karatasi ile waliiandika wenyewe, ukurasa mmoja, kwa wino. Babu aliweka dole gumba.